Hilo ni la Foleni

Daraja la juu lilipofunguliwa, jiji zima lilishangilia. Watu walipiga honi bila kukasirika, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, na waliokuwa wakifika kazini saa nne wakaanza kufika kabla ya mfagiaji. Bosi alipanda daraja lile kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani, akatazama mapaa ya nyumba yakipita chini yake. Hakufurahi wala hakuchukia. Alihisi tu kwamba kuna kitu amekisahau nyumbani.

Bosi hakuwa bosi wa mtu. Alikuwa karani wa madai katika kampuni ya bima, meza yake ikipakana na choo, na jina hilo alipewa na mumewe kwa utani siku za uchumba likaganda. Mume naye alikuwa fundi wa lifti, kwa hiyo yeye aliitwa Fundi, na hapo hapakuwa na utani wowote. Walikuwa na gari dogo kuukuu ambalo dirisha la upande wa abiria halikufungika hadi juu. Kila asubuhi walitoka pamoja, maana ofisi zao zilikuwa mtaa mmoja.

Nyumbani hapakuwa na pa kuzungumzia. Vyumba vilikuwa viwili na sebule. Kimoja alilala mama mkwe pamoja na wifi, kingine walilala wao na kitinda mimba wao nyuma ya pazia, na mtoto mkubwa alitandikiwa sebuleni. Mama mkwe alikuwa mtu mwema, asiye na neno na mtu, lakini masikio yake yalikuwa hayajazeeka hata kidogo. Ukinong'ona chumbani, jibu lilitoka sebuleni. Penye wengi pana mengi, na mle ndani yalikuwa mengi kweli. Ndipo, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, wakajiwekea desturi kwamba jambo zito halizungumzwi nyumbani. Mmoja akianza, mwenzake humkatiza kwa sauti ya chini, "Hilo ni la foleni," kisha wanarudi kuulizana chumvi iko wapi.

Na foleni ilikuwepo, tena ya kumwaga. Pale kwenye mzunguko mkubwa magari yalisimama mpaka madereva wakajuana kwa sura, wakaulizana hali ya wagonjwa. Mwenye gari jeupe la mizigo alinyoa ndevu zake zote pale. Mama mmoja alisahihisha madaftari ya wanafunzi juu ya usukani, na alama zilikuwa nzuri siku ambazo foleni ilisogea. Kulikuwa na mzee mwenye mwavuli, ambaye hakuwahi kuonekana ndani ya gari la aina yoyote. Aliwapita wote kwa miguu kila siku, akawapungia mwavuli kwa adabu, akafika mjini kabla yao. Kazini Bosi alipokea madai ya magari mawili yaliyogongana yakiwa yote mawili yamesimama, kwa sababu wenyewe walisinzia kwa pamoja. Aliyapitisha bila maswali. Wahusika aliwafahamu.

Garini ndimo ndoa yao ilimokaa. Humo walichagua shule ya watoto, humo walimsema shemeji asiyesemeka, humo Fundi alilia siku baba yake alipozikwa, dirisha likiwa wazi kidogo kama kawaida yake. Siku moja waligombana mpaka Bosi akashuka, akabamiza mlango, akatembea mbele kwa miguu. Hasira zilipomwisha akasimama kando ya barabara kulingoja gari limfikie. Likachelewa mpaka hasira zikarudi.

Sasa yote hayo yalikwisha. Juu ya daraja safari ikawa fupi hivi kwamba ukianza sentensi unapofunga mkanda, unaimalizia mbele ya mlinzi wa maegesho. Mwanzoni walicheka. Wakaahidiana kwamba watatafuta wakati. Lakini wakati hautafutwi kama funguo, na mambo ya foleni yakaanza kulundikana bila foleni, moja juu ya jingine, mpaka ikawa ni tabu hata kujua waanzie wapi. Wakaacha. Walikaa kimya asubuhi, wakakaa kimya jioni, wakala, wakalala. Mazoea yana taabu, na taabu ya kimya ni kwamba ukikizoea unadhani ni amani.

Kisha meneja akamwita Bosi ofisini. Kampuni ilikuwa inafungua tawi katika mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, na walitaka yeye akaongoze madai huko. Angekuwa bosi kweli, mwenye mlango wake na mtu wa kumgongea. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Meneja akauliza familia italichukuliaje, na Bosi akajibu kwamba upande huo hakuna tatizo, kwa sauti ileile ambayo angejibu kuhusu kiti au feni.

Aliporudi mezani alingoja furaha ije, haikuja. Akangoja huzuni, nayo haikuja. Alijaribu kujiona akihama, na alichokiona kilikuwa sanduku moja. Mumewe hakuwemo katika picha ile, wala hakuonekana kukosekana. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na kilichokufa ganzi hata ukikikanyaga hakisemi. Alijua kwamba hilo ndilo analopaswa kumwambia Fundi kabla ya Ijumaa, hilo la sanduku, si habari ya tawi. Akilinyamazia ataondoka hivyo hivyo, na hakuna atakayeshtuka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Jumatatu alifungua mdomo katikati ya daraja, na kabla hajapata neno la pili mlinzi wa maegesho alikuwa anagonga kioo akiwaonyesha nafasi. Kesho yake alianza mapema zaidi, wakiwa bado uani, ila wifi alikuwa dirishani akianika nguo. Jumatano hakujaribu. Alhamisi jioni walikuwa jikoni wawili tu, Fundi akiosha vyombo, na akaona bora liwe liwalo.

"Fundi, kuna jambo."

"Hilo ni la foleni," Fundi alijibu bila kugeuka, kama alivyojibu miaka yote.

Kisha akajisikia mwenyewe. Mikono ikasimama ndani ya beseni. Wakatazamana, na kutoka sebuleni mama mkwe akauliza kwa upole ni foleni gani tena hiyo, mbona walisema imekwisha. Fundi alisuuza sahani ile ile muda mrefu.

Ijumaa asubuhi walifunga mikanda wakaondoka. Kwenye njia panda, pale ambapo magari yote yalikuwa yakipinda kulipanda daraja, Fundi akanyoosha, akashika barabara ya zamani. Bosi hakuuliza. Alielewa, akamhurumia, maana barabara ya zamani ilikuwa tupu. Ulimwengu mzima ulikuwa umehamia juu. Wauza maji na karanga walikuwa wamekwenda zao, taa ziliwaka kijani bila mtu wa kuzifurahia, na kwa mara ya kwanza tangu waoane walifika mzunguko mkubwa bila kukanyaga breki. Fundi aliutazama mzunguko ule kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Akauzunguka. Akauzunguka tena. Mwishowe akaingia kwenye njia iendayo mjini, ambayo nusu yake ilikuwa imezibwa na vifusi vya wajenzi wa daraja, akasimamisha gari katikati ya nusu iliyobaki, mkabala na ukuta wenye tangazo la magodoro ambalo walilisoma kwa miaka. Akazima injini. Akawasha taa za tahadhari.

"Mimi natengeneza lifti, Bosi," alisema, macho yakiwa kwenye tangazo. "Unajua kwa nini watu hawazungumzi ndani ya lifti? Si kwamba wanachukiana. Wanajua mlango utafunguka sasa hivi." Akachomoa ufunguo, akauweka juu ya dashibodi. "Hapa haufunguki. Sema."

Bosi akasema. Alimweleza habari za tawi, cheo na jibu linalotakiwa siku ile ile. Fundi aliitikia kwa kichwa kila jambo kama anayeelezwa hitilafu ya mashine. Nyuma yao gari la kwanza, lililowafuata kutoka njia panda, likapiga honi, la pili likalisaidia.

"Lakini si hilo," Bosi akaendelea. "Nilipojiona nikiondoka, nilijiona na sanduku moja. Na sikuumia, Fundi. Hilo ndilo linalonitisha. Sikuumia hata kidogo."

Honi zilikuwa zimekuwa nyingi, na dereva mmoja alishuka kuangalia kuna nini, akarudi akitukana kwa ujumla bila kumtaja mtu. Yule mzee mwenye mwavuli, ambaye hakuna daraja lililowahi kumbadilishia njia, alitokea kando ya vifusi kwa mwendo wake uleule. Aliutazama msururu, akalitazama gari lao, akainama kwenye ule upenyo wa dirisha. Akasema afadhali wamerudi, akawapungia, akawapita.

"Mimi nimeumia," Fundi alisema mzee alipokwenda. "Tangu wiki ile ya kwanza ya daraja. Nimeumia sehemu yangu na yako." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Huko mji huo kuna lifti?"

"Moja. Ya hospitali."

"Moja nayo huharibika."

Bosi alihisi kitu kifuani, si kizuri. Kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu damu inapoanza kurudi, zile sindano ndogondogo zisizovumilika, na akashika mpini wa mlango akidhani kitapita tu. Hakikupita. Alilia kwa sauti, mbele ya tangazo la magodoro, honi zikimfunika, na kila kilichokuwa hakimuumi tangu daraja lifunguliwe kikamuuma kwa zamu. Fundi alimshika bega. Alipoweza kuzungumza, Bosi alikumbuka yaliyobaki, na yalikuwa mengi: mama mkwe atakaa na nani, wifi ataelewaje, shule ya watoto, dirisha hili litengenezwe au gari liuzwe. Aliuliza yote kwa mkupuo mmoja, akasema na kazini anachelewa, na hayo hayawezi kwisha leo.

Fundi aliinua macho kwenye kioo cha nyuma. Magari yalikuwa yamejipanga kuuzunguka mzunguko mzima na kupotelea kule walikotoka, na yule mwalimu, katika gari la tatu, alikuwa ameshatoa madaftari.

"Foleni ipo," alisema. "Tuanze na mama."