Tela Lisilopumua

Wa kwanza kushukiwa na Cuilan alikuwa Kuang, dereva wa lori la jirani, kwa sababu alikuwa anatoka chini ya tela la Cuilan na mumewe kinyumenyume, matako yakitangulia. Wote walikuwa wamesimama kituo cha maji, kujaza matangi ya kupozea magurudumu kabla ya mteremko mrefu wa Yuanjiang unaoshuka hadi mtoni. Mumewe, Baoshun, alikuwa amekwenda kununua tambi.

“We mzee! Unaiba dizeli mchana kweupe?”

“Tangi la dizeli liko mbele huko, shemeji. Huku nyuma niibe nini, matope?” Kuang alijipangusa magoti. “Nimemsikia mumeo akiegesha. Kichwa kimepumua pshhh, tela kimya. Nikajiuliza, limekufa au limenuna? Chungulia mwenyewe.”

Cuilan hakumwamini hata kidogo. Aliinama jicho moja likibaki kwa Kuang. Lakini kweli, kila chemba ya breki ilikuwa na bolti ndefu iliyochomoza mgongoni, na mpira wake wa upepo umekunjwa ukafungwa waya.

Hakukaa kiti cha abiria miaka yote hiyo kupamba dirisha. Katika breki za upepo, kinachobana gurudumu la gari lililoegeshwa ni springi. Upepo kazi yake ni kuizuia. Upepo ukiisha, springi inaachiwa, gari linasimama lipende lisipende. Sasa mtu amezifunga springi kwa bolti zisiachie kamwe. Upepo ukikatika huko mteremkoni, tani thelathini za kabichi zitawasukuma mpaka mtoni.

Baoshun alirudi na mabakuli mawili, anapiga mluzi. Huyu bwana hupiga mluzi akidanganya. Hata siku ya posa alipiga.

“Baba Tingting, breki za tela zikoje?”

“Nzima kama mimi.”

“Ndiyo maana nauliza.”

Kuang akakohoa kuficha kicheko. Baoshun akamtazama yeye, akaitazama spana ambayo mkewe alikuwa ameshaichukua, mluzi ukamfia mdomoni.

“Chemba zinavuja,” alisema. “Zilikuwa zinabana njiani. Nikazifunga mpaka tushushe mzigo tu. Breki ya kukanyaga si ipo? Kabichi zitaoza, mama!”

“Na mimi ukanilaza nyuma ya kiti chako, nakoroma, ukijua?”

Baoshun alizikoroga tambi kana kwamba jibu limezama humo.

Cuilan akaingia uvunguni. Alilegeza bolti moja baada ya nyingine, na kila springi ilipoachiwa, gurudumu lilibanwa kwa mlio mkavu. Akatoka na grisi hadi kwenye nyusi.

“Haya, panda uendeshe.”

Baoshun alipanda. Injini ikanguruma, kichwa kikatetemeka, tela likagoma palepale kama punda aliyeona maji. Akazima. Akashuka taratibu, uso umemshuka zaidi.

“Nampigia fundi,” alisema.

“Weka sauti kubwa,” alijibu Cuilan, akivuta bakuli lake. “Nisikie kama ni fundi kweli.”