Mlango wa Chumba cha Nyuma

Asubuhi ya Ijumaa, fundi wa vitasa alisukuma mlango wa bafuni kwa kisigino, kama alivyozoea, nao ukafunguka tena taratibu. Akausukuma mara ya pili. Ukarudi, bila kishindo, kama mtu anayempisha mgeni. Akazipaka grisi bawaba, akabadilisha kitasa, akaenda kunywa chai. Kabati la vyombo lilikuwa wazi, madirisha yote wazi, na kopo la sukari limekataa mfuniko.

"Ni maombi yako ya jana," mkewe alisema, akimimina chai.

Hapo ndipo fundi alipokumbuka. Katika jumuiya yao, kila nyumba hupokea wenzake Alhamisi mbili mfululizo, na mwenyeji huomba kwa maneno yake mwenyewe, si ya kitabuni. Fundi, masikini, hana maneno, ana vitasa tu. Basi jana yake alisimama mbele ya watu kumi na wanne akaomba kwa lugha ya kazi yake: Bwana, mlango wa nyumba hii usifungwe tena, kwako wala kwa jirani. Wakaitikia amina, na mwenyekiti wa jumuiya akamsifu. Mungu naye si wa kusikia nusunusu.

Chumba cha nyuma kilikuwa na dada yake. Miaka tisa iliyopita alianguka kifafa katikati ya ibada, wiki ileile ambayo fundi alitarajiwa kusimikwa kuwa mzee wa kanisa, na fundi aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Akawaambia watu dada amehamia kwa shangazi, mbali. Kisha akatengeneza kitasa kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, cha kufungwa kwa nje. Siri ya mtungi aijuaye kata: mkewe ndiye aliyepeleka chakula, na hakuwahi kusema neno.

Sasa mlango ule ulikuwa wazi hadi ukutani. Dada alikaa kitandani, mikono mapajani, akitazama korido. Hakutoka.

Kwa siku sita fundi alikaa roho mkononi. Alijaribu vitasa vinne. Dukani vilibana vizuri, nyumbani vikalegea. Akapigilia mbao, misumari ikachomoka mmojammoja na kujipanga sakafuni, midogo kwa mikubwa. Akatundika pazia, likajivuta pembeni. Sauti yoyote barabarani ilimtoa jasho. Akamwendea mwenyekiti kuomba ibada iahirishwe, akajibiwa kwamba nyumba yenye shida ndiyo ya kutembelewa kwanza. Haya basi.

Alhamisi wakaja, na hawakupiga hodi kwa sababu hapakuwa na cha kugonga. Kutoka viti vya sebuleni chumba cha nyuma kilionekana chote. Walimwona dada. Mmoja alimpungia mkono, naye akapunga. Kisha wakafungua vitabu vya nyimbo. Fundi naye akafungua chake. Alingoja aulizwe habari za shangazi, akangoja wimbo wa kwanza mpaka wa tatu. Hakuna aliyeuliza. Mwenyekiti akamshukuru Mungu kwa nyumba iliyo wazi, wakanywa chai, wakaenda zao.

Kesho yake mwenyekiti alifika dukani kabla fundi hajamaliza kupanga tupa zake. Alitaka vitasa viwili vya nguvu, vya kufungwa kwa nje. Zamu ya nyumba yake ilikuwa inakaribia.

"Hebu nikumbushe," alisema, akitazama funguo ukutani, "uliomba kwa maneno gani hasa? Nisije nikakosea nikayasema."

Fundi akamwambia. Hadi saa sita mchana walikuwa wameshakuja watano wa jumuiya, na kila mmoja alitaja vipimo kwa sauti ya chini. Fundi aliandika vyote. Mwandiko ulisomeka.

Jioni alimkuta dada amesimama, vidole vya miguu vikigusa kizingiti.

"Mdogo wangu," akasema, "naruhusiwa kutoka?"

Mlango ulikuwa wazi. Nyumba nzima ilikuwa wazi mpaka barabarani, ambako watu walikuwa wanapita na kusalimia. Fundi alihisi masikio yakimchoma tena.

"Ngoja kwanza, dada."

"Haya," dada akasema, akarudi kukaa kitandani.