Nani Atakaa Juu ya Giaboksi

Giaboksi mbili zilikuwa juu ya meza ya chuma, na fundi wa gia, ambaye gereji nzima ilimwita Nati, alizitazama kwa zamu. Ile nyepesi ilitoka kwenye gari dogo la familia. Ile nzito ilitoka kwenye pikapu ya kubebea mawe, na ilihitaji watu wanne kuipandisha pale. Moja kati ya hizo ilipaswa kufungwa kwenye gari jeupe lililokuwa juu ya jeki. Lilikuwa gari la barabarani hasa, lenye kiti cha mtoto nyuma, ila injini yake ilikuwa na nguvu za farasi mia saba. Giaboksi yake ya mwanzo ilikuwa imeungua, mafuta yake meusi yananuka kama nywele zilizochomwa.

"Hii hapa," bosi alisema, akiipiga kofi ile nyepesi kama mtu anayenunua tikiti maji. "Matundu ya bolti yanalingana. Mwenye gari anakuja saa nane. Funga."

"Bosi, kuingia si kuhimili. Hii itapasuka."

"Itapasuka, itapasuka! Wewe ni fundi au mpiga ramli?"

Miaka sita nyuma, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, bosi huyuhuyu alisema maneno hayahaya ya matundu. Dereva wa majaribio wakati huo alikuwa mjomba wake Nati. Gari likiwa kwenye kasi, lile pipa la chuma linalozunguka ndani ya giaboksi lilipasuka, vipande vikatoboa sakafu kama risasi, na mjomba akapoteza mguu wa kulia. Ripoti ikasema dereva alikosea kubadili gia. Gia ya otomatiki, inayojibadili yenyewe! Aliyeitia sahihi ripoti ile hakuona haya, na ndiye huyu aliyekuwa akipiga chuma makofi leo.

Wiki ile mjomba alipotoka hospitali na magongo yake, mafundi walijitungia sheria: aliyechagua giaboksi ndiye anayekaa kiti cha abiria safari ya kwanza, miguu yake juu ya giaboksi hiyo. Bosi aliicheka sheria hiyo, kisha akaizoea, maana kila mara waliochagua walikuwa mafundi.

"Umeichagua wewe, bosi," Nati alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Basi utakaa wewe."

Spana zikawekwa chini gereji nzima.

Bosi aliwatazama watu kumi na mmoja waliokuwa wakimtazama. "Nitakaa! Unadhani mimi mwoga kama wewe? Shemeji yako ataendesha, mimi nitakaa. Funga!"

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika Nati. Sheria yao ilimkumbuka mchaguzi, ikamsahau dereva. Na dereva wa sasa alikuwa mdogo wa mke wake, yule pale mlangoni, anazungusha funguo kidoleni. Nati alikuwa ameokoa miguu yake, akaiacha ya shemeji.

"Shem," dereva aliita akicheka, "mbona umekuwa rangi ya majivu? Hata siku ya harusi hukutetemeka hivyo."

"Usiendeshe."

"Eti?"

"Gari likifungwa hiyo, usiliendeshe. Nakuomba. Nitamwambia nini dada yako?"

Kicheko kikaisha. Dereva aliitazama giaboksi nyepesi, akaitazama miguu yake mwenyewe, kisha akaziweka funguo mezani polepole. "Siendeshi, bosi."

"Haya, nani anaendesha?"

Fundi rangi akaanza kusugua mahali palipokwisha kusuguliwa. Fundi umeme akaona kitu cha maana sana darini. Mama wa stoo, aliyekuwa na umri wa kumzaa bosi, akauliza, "Kwani wewe mwanangu huna leseni?"

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mtanijua leo," bosi alisema, akaingia ofisini na kubamiza mlango hadi kioo kikalia.

Wote walijua kwamba nyuma ya mlango ule ndiko barua za kufukuzwa zinakochapwa. Nati alijua ya kwanza ingekuwa ya nani. Ile giaboksi nzito ilidai sakafu ya gari ikatwe na kupanuliwa, na sakafu ikishakatwa, ile nyepesi haina tena pa kukaa. Alichukua futi kamba. Alipima mara tatu akapata vipimo vitatu. Shemeji akaja akashika ncha ya pili.

"Tulia, shem. Soma sasa."

"Arobaini na moja."

"Arobaini na moja. Chora."

Akachora kwa chaki, mstari ukapinda, akaufuta, akachora tena. Akawasha grainda na kuizamisha kwenye bati. Cheche zikaruka. Kitasa cha mlango wa ofisi kikageuka, naye akaendelea kukata.