Mstari Mwekundu

Sista Reglinde ana nyimbo zote kichwani, za mwaka mzima. Ndivyo alivyofundishwa: mdomo kwa sikio, na fimbo kidogo. Ameongoza kwaya yetu miaka thelathini na mbili. Macho yameshakwenda, lakini kuimba si macho.

Halafu kikaja kitabu. Mama Mkuu Gepa alikiazima kwa watawa wa ng'ambo ya mto Rhine, akataka tunakili chetu kwa mtindo mpya, nukta juu ya mistari minne. Mmoja mwekundu. Huo ndio unaosema sauti ya fa iko wapi, na sauti nyingine unazihesabu kutoka hapo. Ukiuhamisha, nukta zinabaki palepale ila wimbo unakuwa mwingine.

Kuchora mistari niliachiwa mimi, mwanafunzi, kwa sababu mkono wangu hautetemeki na mdomo wangu hausumbui.

Siku kitabu kilipowekwa katikati ya kwaya, Sista Ota, mdogo kuliko masista wote, alipiga makofi. "Sasa hata paka ataimba!"

"Basi huyo paka ajue na Kilatini," Sista Reglinde akamjibu.

Mama Mkuu hakucheka. "Sista Reglinde, Sikukuu ya Mishumaa tutaimba na kitabu. Kumbukumbu yako ikipingana nacho, kwaya utamwachia Ota. Upumzike."

"Kupumzika kupo kaburini, Mama."

Siku yenyewe kulikuwa na baridi mpaka maji ya baraka yalishika ganda la barafu. Sista Reglinde alianzisha antifona, wimbo mfupi wa kufungulia sikukuu. Masista wazee wakamfuata. Ota na wenzake walikikodolea macho kitabu. Kufika neno la tatu nyimbo zikaachana, moja imepanda hatua nzima, nyingine nusu. Ilisikika kama mlango mbovu. Kuimba kukakatika.

Kwetu anayekosea kwenye kwaya hasubiri kuulizwa. Anatoka palepale, anapiga magoti katikati, mbele ya wote. Asipotoka, adhabu yake inakuwa kubwa zaidi.

Hakuna aliyetoka. Ota aliweka kidole kwenye ukurasa, kama kusema imeandikwa hapa.

Ukurasa huo niliuchora siku wino ulipoganda, nina haraka. Kutoka benchi la wanafunzi niliuona vizuri. Nyekundu ilikuwa mstari wa pili kutoka chini. Kwenye kitabu cha kuazima ilikuwa wa tatu.

Sista Reglinde akatoka, anapapasa mabenchi, akapiga magoti. "Nimesahau," alisema. "Leo nimesahau."

Ota alishavuta pumzi aanzishe upya.

Nikatoka na mimi. Sikumbuki kuamua. Nikapiga magoti kando yake.

"Wewe umekosea nini?" Mama Mkuu akauliza. "Hata hujaimba."

"Mstari," nikasema.

"Nani anakusikia? Sema kwa sauti!"

Kisu cha kukwangulia makosa kilikuwa kwenye mshipi wangu, kama siku zote. Nikainuka, nikaenda kitabuni, nikaanza kuukwangua ule mstari mwekundu.

"Maskini, katoto kamechanganyikiwa!" Ota akashtuka. "Mama, anaharibu kitabu!"

Nikaweka kidole kwenye mstari wa juu yake. Ota akaangalia kidole. Akahesabu kutoka hapo, midomo ikitembea bila sauti. Akahesabu tena.

"Mama," alisema taratibu, "ukisoma hivi, ni kama anavyoimba Sista Reglinde."

Hakungoja jibu. Alishuka akapiga magoti upande wa pili wa Sista Reglinde. Wenzake wanne wakamfuata. Mama Mkuu akabaki ameshika mshumaa, nta inamdondokea kwenye kiganja.

"Nani huyo anakwangua?" Sista Reglinde akauliza, kichwa bado chini.

"Hemma," Mama Mkuu akasema.

"We Hemma, polepole. Ukurasa huo ni ngozi ya ndama, si jibini, utautoboa. Na nyie mniinue, magoti yameganda. Antifona haijaisha."

Wakamwinua. Akaianza upya.