Usingizi wa Daktari

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Mama Ndoo, msafishaji wa ghorofa ya pili, aliegemeza dekio ukutani, akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka juu ya friji ya sampuli na kukilalia akiwa amesimama. Ilikuwa siku ya kumi na tisa mfululizo.

Daktari, mkuu wa maabara ya saa ya mwili, alitazama saa ya ukutani na kuandika muda. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akichunguza jinsi ubongo unavyojua kwamba kumekucha, na jinsi unavyoamuru homoni zipande na kushuka kwa zamu. Yeye mwenyewe hakuwa amelala kwa siku kumi na tisa, kwa sababu ripoti ya utafiti ilitakiwa tarehe thelathini. Hakusikia uchovu wowote. Macho yalikuwa meupe pe.

Mate ya wote wawili yalipimwa. Homoni ya usingizi, ambayo kwa watu wengine hupanda giza likiingia, ilijaa tele kwenye mate ya Mama Ndoo mchana kweupe. Kwa Daktari haikuwepo hata chembe. Ili kuondoa shaka, Daktari alijilaza sakafuni akalala dakika ishirini kamili. Mama Ndoo akaamka papo hapo, akapiga deki korido nzima, na alipofika mlango wa choo Daktari akafumbua macho, na Mama Ndoo akadondokea ndoo. Jaribio lilirudiwa mara tatu. Ndoo ilipasuka mara moja.

"Kumbe ni usingizi wako," alisema Mama Ndoo alipoamka. "Nilishaanza kushuku. Hata ndoto zenyewe si zangu. Jana nimesimama mbele ya maprofesa sita, miguu peku, naulizwa habari za tezi ya ubongo."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema ni ndogo kama punje ya mchele. Wakacheka."

"Jibu ni sahihi," alisema Daktari. "Huwa wanacheka."

"Sasa Daktari, mwanangu, si ulale tu? Mimi wiki ijayo naanza likizo. Binti yangu anajifungua, uzazi wa kwanza, na hana mwingine wa kumshika mkono."

"Nitalala baada ya tarehe thelathini."

"Mtoto hajui tarehe thelathini."

Daktari alikubali kwamba hilo lilikuwa na ushahidi wa kutosha, akaendelea kuandika.

Siku iliyofuata ofisa utumishi alipanda ngazi akiwa na barua ya onyo ya tatu, ambayo kwa utaratibu wa taasisi ndiyo ya kufungasha virago. Alimngoja Mama Ndoo aamke, kwa kuwa barua ilihitaji saini yake. Daktari akamwonyesha grafu. Ofisa aliisoma mpaka mwisho bila kushangaa, akauliza tu kama angeweza kupata nakala ya kuweka kwenye faili.

"Usingizi ni wa nani?"

"Wangu," alisema Daktari.

"Na aliyelala ni nani?"

"Yeye."

"Kanuni inamtaja aliyelala. Haimtaji mwenye usingizi."

"Baba, mimi nalalishwa!" alisema Mama Ndoo.

"Nakuelewa, mama. Ndiyo maana tutakusaidia."

Akaichana barua. Kuanzia siku ya kwanza aliyolala kazini, alisema, saa zote za kulala zingehesabiwa kuwa mapumziko na kukatwa kwenye likizo ya mwaka; deki ingekamilika kabla ya saa nne. Godoro lililetwa kutoka stoo, likabandikwa namba ya mali ya taasisi.

"Kwa hiyo likizo yangu imebaki siku ngapi?"

Ofisa alipiga hesabu kwenye simu yake. "Iliisha Jumatano."

"Nikaenda wapi?"

"Ulipumzika."

Daktari aliona kwamba uamuzi huo haukuwa wa haki, akauwekea tanbihi kwenye ripoti.

Tarehe ishirini na saba, saa tano kasoro robo asubuhi, simu ililia kwenye mfuko wa aproni ya Mama Ndoo. Mwenyewe alikuwa akikoroma. Daktari akaipokea.

"Mama! Nimejifungua! Wa kike, kilo tatu na nusu!"

"Mama yako amelala," alisema Daktari. Akaandika saa, jinsia na uzito.

Mtoto alisikika akilia kwa mapafu yenye afya.

"Si aliniahidi atakuja?"

"Likizo yake imeisha."

"Haya. Basi usimwamshe. Atakuwa amechoka, masikini."

"Hajachoka," alisema Daktari, ambaye hakupenda taarifa zisizo sahihi. "Uchovu ni wangu."

Akairudisha simu kwenye mfuko wa aproni, akamfunika Mama Ndoo miguu kwa koti la maabara, na kurudi kwenye ukurasa wa arobaini na mbili.