Jicho Lililogeuzwa Dirishani

Ognyan aliondoa mezani sahani yenye mabaki ya banitsa, mkate wa jibini, akatandaza gazeti, akaweka juu yake kisanduku alichokiunda mwenyewe mwanzoni mwa majira ya baridi: kile kinachotangulia amplifaya, cha kuchagua muziki na kupandisha au kushusha sauti. Kilikuwa na uso wa alumini nene na kasoro moja tu. Jicho la kupokea amri za rimoti alikuwa amelipachika katikati, na mkewe, Tsvetana, sasa alikuwa amehamishia kiti chake dirishani ili apate mwanga wa kufumia. Kutoka pale angebonyeza mpaka kidole kichubuke, sauti isibadilike.

"Umenitengenezea rimoti ya kutembea nayo," Tsvetana alimwambia. "Mpaka niipeleke pale ndipo isikie."

"Leo itakusikia hapo hapo ulipokaa."

Alitoboa tundu jipya pembeni, akalilainisha kwa tupa, akazichomoa nyaya tatu za jicho na kuziunga kwa waya mrefu zaidi, aliouviringishia wavu wa shaba kama ngao na kuupitisha mbali na transfoma usije ukaokota mvumo. Jicho akalielekeza dirishani. Tsvetana alipobonyeza, kirungu cha sauti kilizunguka taratibu kwa mota yake. Ognyan hakushangaa. Kazi yake alikuwa anaijua.

Jioni, wakisikiliza kodiani, kirungu kilizunguka tena na muziki ukapanda. Rimoti ilikuwa mapajani mwa Tsvetana, chini ya sufi.

"Ni Penka," alisema Tsvetana akiangalia nje.

Ng'ambo ya ua, katika ubavu wa pili wa jengo lao, Bibi Penka alikuwa amesimama dirishani kwake na rimoti ya runinga mkononi. Walikuwa wamemzika Januari. Rimoti zote mbili zilikuwa za aina moja, kwa hiyo hapakuwa na la kueleza.

"Mwache," alisema Ognyan. "Kodiani anaipenda."

Kesho yake jirani wa ghorofa ya juu aligonga mlango. "Mwambie marehemu apunguze besi. Mtoto wangu halali."

"Si umwambie mwenyewe? Dirisha lake hilo hapo."

Hata hivyo Ognyan alivuka ua kwenda kumwomba. Penka alimfungulia mlango akiwa na koti zito na glavu. Ognyan akaegemea redieta ya kupashia chumba joto, akaondoa mkono haraka. Ilikuwa baridi tupu.

"Imezimwa tangu lini?"

"Tangu Novemba, mwanangu. Gergin alifunga valvu ya bomba langu kule chini ili joto liende kwake."

"Mbona hukutuambia?"

"Nilikuwa nawapungia mkono dirishani. Mkeo naye akawa ananipungia."

Ognyan ndiye aliyemwambia Tsvetana: bibi wa watu anatusalimu, hebu mjibu.

Gergin, mwenyekiti wa jengo, alimpokea akiwa na fulana, madirisha yake yote wazi kwa joto.

"Fungua valvu ya Penka," alisema Ognyan.

"Yule ana haja gani na joto?"

"Alikuwa nayo."

"Basi ungekuja wakati ule, bwana."

Ognyan alishuka chini ya jengo, akakata kufuli la valvu kwa msumeno wa chuma, akafungua valvu. Asubuhi kulikuwa na kufuli jingine. Akalikata na hilo, likaja kubwa zaidi. Wakazi wakaitwa kikaoni uani. Waliamua marehemu asipandishe besi baada ya saa nne usiku, na Penka akakubali palepale kutoka dirishani kwake. Suala la valvu likasukumwa hadi kikao kijacho, ambacho hakikuitwa.

Kisanduku kiliendelea kufanya kazi vizuri. Jicho halikukosa amri hata moja, iwe ya Tsvetana au ya Penka, na wageni walipokuja Ognyan aliwafungulia mfuniko waone ule waya ulivyopita.

Majani yalipopukutika, nyumba ya Penka ilipangishwa kwa Radostina, mwanafunzi wa uuguzi, aliyefika na begi moja na mto. Baridi ya kwanza ilipoingia mjini Ruse, Ognyan na mkewe walimwona akiipapasa redieta, kisha akiipiga teke. Penka akamgusa bega. Penka na msichana wakaburuta kitanda mpaka jikoni, wakakisukumia kwenye ukuta unaopakana na jiko la jirani, mahali ambapo, jirani akipika, ukuta hupata vuguvugu kidogo. Penka ndiye aliyeonyesha ni sehemu gani.