Kuni za Elisha

"Itoeni nje," Mwalimu alisema akiwa ameketi, na wanaume wanne wakaishika meza ya useremala, kila mmoja pembe yake.

Mama Msasa alikuwa amepiga magoti akisugua mguu wa kitanda. Jina hilo alilipata kwa mambo mawili: pale karakana yeye ndiye hulainisha mbao baada ya mumewe kuzipiga randa, na ulimi wake nao hukwaruza. Aliinuka na vumbi lake, mguu wa kitanda mkononi.

"Mnaipeleka wapi?"

"Mke wangu, si tulikubaliana," seremala alijibu bila kumtazama. Alishika kiberiti.

"Tulikubaliana? Wewe na nani?"

Alijua ni nani. Katika kikundi cha Mwalimu waliamini kwamba roho za manabii wa Biblia huzaliwa tena, mwili baada ya mwili. Kama Eliya alirudi akawa Yohana Mbatizaji, Mwalimu alipenda kuuliza, nani aliufunga mlango nyuma yake? Eliya wa sasa alikuwa yeye mwenyewe. Walikuwamo pia Isaya wawili, wasiosalimiana. Na wiki hiyo seremala naye alikuwa ametambuliwa: yeye ni Elisha. Basi Elisha wa Biblia alipoitwa alichinja ng'ombe wake, akaipika nyama kwa miti ya nira yao, akawalisha watu, akamfuata Eliya. Seremala hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na meza ya kufanya kuni, na uani sufuria ya kikundi ilikuwa imeshatelekwa juu ya mafiga yasiyo na moto.

Upuuzi mtupu! Meza ile ilikuwa ya baba yake Mama Msasa, mbao ngumu, jiliwa lake la kubania mbao limeng'aa kwa viganja vya mzee. Mzee, akiwa kitandani hoi, alimkabidhi mkwewe seremala, akamwambia, "Mwanangu, hii itawalisha." Na imewalisha mpaka leo.

"Na mimi, Mwalimu?" aliuliza. "Zamani hizo nilikuwa nani?"

Mwalimu alitabasamu kwa upole. "Mjane wa Sarepta, mama. Yule aliyempa nabii unga wake wa mwisho."

"Ahaa! Wanaume mnarudi na utukufu, mimi narudi na unga, tena wa kuwapa nyie. Na mume wangu huyu hapa, mzima, umeshanifanya mjane!"

Isaya mmoja, aliyeshika pembe ya meza, alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mama watoto, usinitie aibu," seremala alisema.

"Aibu unayo mkononi, baba. Kiberiti hicho." Akamgeukia Mwalimu. "Haya, ichomwe. Ila tuanze na kiti hicho ulichokalia. Mume wangu alikutengenezea bure, juu ya meza hii hii. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Simama."

Mwalimu hakusimama. "Kiti hiki kimewekwa wakfu."

"Na meza ya marehemu baba yangu?"

Seremala alivitazama vidole vya Mwalimu, jinsi vilivyoikamata mikono ya kiti. Mbebaji mmoja aliachia pembe yake, wengine wakachoka, na meza ikatua kizingitini, nusu ndani, nusu nje.

Mama Msasa aliubana mguu wa kitanda kwenye jiliwa, akachukua randa. Hakuwahi kuipiga maishani mwake. Aliisukuma kwa nguvu zote. Ikakwama, ikanyofoa kipande. Akasukuma tena, machozi yakimdondoka juu ya mbao, na randa ikanyofoa kingine.

Seremala alikunja uso kama aliyechomwa mwiba.

"Unakwenda kinyume na nyuzi za mbao," alisema taratibu.

"Basi nionyeshe."

Kutoka uani wanakikundi waliita, wakiuliza kuni ziko wapi. Seremala alikihamishia kiberiti mkono wa kushoto, na ule wa kulia ukabaki hewani, juu ya randa.